Sindano ya steroidi ya mgongo kwa maumivu ya neva ya kiuno: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo wagonjwa na jamaa zao hutuuliza tena na tena katika kliniki ya maumivu hapa Nairobi: dereva wa matatu ambaye mguu unamwaka moto kila akikanyaga klachi, mama mboga wa Marikiti aliyebeba magunia miaka mingi, mhasibu anayekaa kitini tangu asubuhi hadi jioni. Karibu wote huja na hofu moja, kwamba sindano ya mgongo hupooza watu. Hofu hiyo inastahili jibu la kweli, si kupigwa mgongoni na kuambiwa “usijali”. Kama unataka jibu hilo kwanza, ruka hadi sehemu ya pili.

## Kwanza, sindano yenyewe

Sindano hii ni nini hasa?

Ni dawa ya kutuliza uvimbe inayowekwa karibu na mzizi wa neva uliobanwa au kuvimba kiunoni. Steroidi zinafanana na kotisoli, homoni ambayo mwili hujitengenezea wenyewe. Daktari huifikisha dawa hiyo kwenye nafasi ya epidurali, uwazi mwembamba ulio nje ya utando unaofunika uti wa mgongo na neva zake. Mara nyingi huichanganya na dawa kidogo ya ganzi. Dawa haiingizwi ndani ya uti wa mgongo wenyewe.

Njia ni tatu. Ya kwanza hupita katikati ya pingili mbili kutokea nyuma. Ya pili hupita pembeni, kwenye tundu ambalo neva hutokea. Ya tatu huingilia chini kabisa, juu kidogo ya kifandugu. Ikumbuke ile ya pembeni, maana tutairudia.

Je, ni ile ile wanayochomwa akina mama wa upasuaji wa uzazi?

Hapana. Ile huwa ni dawa ya ganzi, na kwa kawaida hupitishwa hadi ndani ya utando, kwenye maji yanayozunguka neva, ili mama asisikie kisu. Haina steroidi. Akina mama wengi Nairobi husema sindano ile ndiyo iliyowaachia mgongo mbovu. Kuuma pale palipochomwa kwa siku chache ni kawaida. Hata hivyo, tafiti zilizofuatilia akina mama waliopewa ganzi ya epidurali wakati wa uchungu hazikuona kwamba inawaletea maumivu ya mgongo ya muda mrefu kuliko wenzao. Mimba yenyewe, kulea na kubeba mtoto huumiza mgongo vya kutosha.

Na ile ya matakoni ninayochomwa kwenye duka la dawa?

Hiyo nayo ni kitu kingine, hata kama muuzaji anaiita “sindano ya mgongo”. Mara nyingi ni diklofenaki, dawa ya maumivu, wakati mwingine ikichanganywa na deksamethasoni, ambayo ni steroidi. Huingia kwenye msuli na kusambaa mwili mzima. Isitoshe, neva kubwa ya mguu hupita ndani ya tako, na sindano iliyochomwa mahali pasipofaa inaweza kuijeruhi. Ukija kwetu, tuambie ni ngapi umechomwa na lini, kwa sababu steroidi hujumlishwa mwilini bila kujali zimeingilia wapi.

Inasaidia kweli, au ni biashara?

Inasaidia baadhi ya watu, kwa kiasi, na kwa muda. Anayefaa zaidi ni mtu ambaye diski, ile sahani laini iliyo kati ya pingili, imetoka na kubana neva, maumivu yanashuka mguuni kama shoti ya umeme, na picha ya MRI inakubaliana na mahali anapoumia. Kwa mtu huyu sindano inaweza kumpa wiki au miezi kadhaa ya nafuu, akalala, akatembea, akafanya mazoezi ya fiziotherapia ambayo maumivu yalikuwa yanamzuia.

Lakini tusikupambie. Mapitio ya kitaalamu ya mwaka 2020 yaliyojumlisha majaribio 25 yalikuta kwamba, kwa wastani, steroidi ilipunguza maumivu ya mguu kwa takriban pointi 5 tu kwenye kipimo cha 0 hadi 100 ikilinganishwa na sindano isiyo na dawa hiyo, na hiyo ni ndani ya miezi michache ya kwanza. Kwa wazee ambao mfereji wa uti wa mgongo umekuwa mwembamba hali ni dhaifu zaidi: jaribio la Marekani la mwaka 2014 lenye wagonjwa 400 halikuona tofauti ya maana baada ya wiki 6 kati ya steroidi iliyochanganywa na ganzi na ganzi peke yake. Nayo maumivu ya kiuno yasiyoshuka mguuni hayana sababu nzuri ya kuchomwa sindano hii.

Wastani huficha watu wawili: aliyepona vizuri na ambaye hakusikia kitu. Ndiyo maana tunasisitiza uchaguzi wa mgonjwa. Faida ikiwa ndogo, hata hatari ndogo haivumiliki.

Nikisubiri bila sindano, nitaharibikiwa?

Wengi hapana. Siatika, yaani maumivu yanayoshuka mguuni kwa sababu ya diski iliyotoka, hupungua yenyewe kwa watu wengi ndani ya wiki 6 hadi 12, na kipande cha diski kilichotoka mara nyingi hunywea. Kwa hiyo hatuanzi na sindano. Lakini kusubiri huku hakumhusu mwenye dalili za dharura zilizoelezwa kwenye swali la “lini nikimbie hospitali” hapa chini. Hizo hazingoji sindano wala dawa.

## Hofu kubwa

Naweza kupooza?

Inawezekana, na ni nadra sana. Tarehe 23 Aprili 2014, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba sindano za steroidi kwenye nafasi ya epidurali zimewahi kusababisha upofu, kiharusi, kupooza na kifo. Iliongeza kwamba haijawahi kuidhinisha steroidi kwa matumizi hayo. Madaktari duniani kote wanaendelea kuzitumia kwa uamuzi wao wa kitaalamu, na una haki ya kuambiwa hilo kabla ya kutia sahihi.

Kupooza hutokeaje? Mara nyingi watu hufikiri sindano “imekata uti”. Kiunoni hilo si rahisi, kwa sababu kwa watu wazima uti wa mgongo wenyewe huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na chini ya hapo ni neva zinazoning’inia. Hatari kubwa zaidi iko kwenye damu. Pembeni ya pingili hupita mishipa midogo ya ateri inayopeleka damu kwenye uti. Sindano ya njia ya pembeni ikiingia ndani ya ateri hiyo, na dawa ikawa na chembechembe, chembe hizo huziba mshipa na sehemu ya uti hukosa damu. Mgonjwa anaweza kushuka kitandani miguu haimtii.

Njia nyingine ni damu kuvilia ndani ya nafasi ile na kubana neva, au usaha kujikusanya hapo. Hizi hujitokeza baada ya saa au siku, na zikiwahiwa zinaweza kutibiwa. Ukichelewa, neva hufa.

Shingoni hatari ni kubwa kuliko kiunoni. Ukisimuliwa kisa cha mtu aliyepooza, uliza alichomwa wapi, kwa njia gani na kwa dawa gani. Kisa bila majibu hayo hakikusaidii kuamua.

Aina ya steroidi ina maana yoyote?

Ina maana kubwa, na wagonjwa wachache sana huuliza. Methiliprednisoloni na triamsinoloni ni dawa zenye chembechembe: ukiinua kichupa chake kwenye mwanga utaona maji meupe kama maziwa, na kikitulia unga hukaa chini. Deksamethasoni ni maji maangavu. Karibu visa vyote vilivyoripotiwa vya kupooza baada ya sindano ya pembeni kiunoni vilihusisha dawa zenye chembechembe. Jopo la wataalamu lililofanya kazi na FDA lilichapisha mwaka 2015 pendekezo kwamba kwa njia ya pembeni kiunoni deksamethasoni itangulie. Mtengenezaji wa aina moja inayojulikana ya triamsinoloni ameandika kwenye karatasi ya dawa kwamba isitumiwe kwenye nafasi ya epidurali.

Nafuu ya deksamethasoni kwa wengi haipitwi sana na ya zile nyingine. Kwa maoni yetu, daktari anayetaka kutumia dawa ya maziwa kwa njia ya pembeni anapaswa kukueleza sababu yake kwa maneno unayoyaelewa.

Lazima wachome wakiangalia mashine?

Kwa sindano ya epidurali ya kiuno, ndiyo. Mashine ya eksirei yenye umbo la C huonyesha ncha ya sindano papo hapo kwenye skrini. Kabla ya steroidi, daktari huingiza rangi kidogo inayoonekana kwenye eksirei. Rangi ikitandaa kando ya neva, mahali ni sahihi. Ikitoroka haraka na kutoweka, sindano imo ndani ya mshipa wa damu, na daktari huitoa au kuisogeza. Sekunde hizo chache za kutazama rangi ndizo ulinzi wenyewe.

Kuna vyumba mitaani ambako mgonjwa hukalishwa kwenye kiti, akaambiwa ainame, na kuchomwa kwa kupapasa mfupa. Ondoka. Bei nafuu ya chumba hicho imepatikana kwa kukuondolea mashine.

Kama una mzio wa rangi ya iodini au una ujauzito, sema mapema. Kuhusu ujauzito, tazama sehemu ya tatu.

Nilisoma kwamba watu walikufa Marekani baada ya sindano hizi. Ni kweli?

Ni kweli, na chanzo kilikuwa dawa chafu. Mwaka 2012 kiwanda kidogo cha kuchanganya dawa kilichoitwa New England Compounding Center, mji wa Framingham, Massachusetts, kilisambaza methiliprednisoloni iliyoingiwa na kuvu. Watu wakapata homa ya uti wa mgongo ya kuvu. Kwa hesabu ya kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, waliougua walikuwa 753 katika majimbo 20, na 64 kati yao walifariki.

Kwako wewe hapa Nairobi, somo ni la kichupa. Omba kukiona: kiwe na lebo ya mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, kiwe kimefungwa, na kifunguliwe mbele yako. Kichupa kimoja kisigawanywe kwa wagonjwa kadhaa. Dawa iliyokwisha kuvutwa kwenye bomba kabla hujaingia chumbani, bila mtu kukueleza ni nini, ikatae kwa upole.

Madhara ya kawaida ni yapi?

Maumivu kuongezeka siku moja au mbili, uso kuwa mwekundu na moto, kukosa usingizi, sukari na shinikizo la damu kupanda, na kwa wanawake hedhi kuvurugika mwezi huo. Hupita.

Kichwa kinachouma ukisimama na kutulia ukilala kinaonyesha kwamba sindano ilitoboa utando na maji yanavuja. Lala, kunywa maji, meza parasetamoli, kahawa nayo husaidia. Kisipokoma baada ya siku kadhaa, au kikiwa kikali, rudi hospitali. Wanaweza kuziba tundu kwa kutumia damu yako mwenyewe. Kichwa chenye homa au shingo ngumu ni jambo jingine, usikingoje.

## Hali yako wewe

Nina kisukari. Inaruhusiwa?

Mara nyingi ndiyo, sukari ikiwa imetulia. Itapanda kuanzia siku ya kwanza, na inaweza kukaa juu siku kadhaa hadi wiki. Panga na daktari wako wa kisukari kabla, pima mara nyingi zaidi kuliko kawaida, na kama unatumia insulini uliza mapema utaibadilisha vipi. Sukari ikiwa imeshapanda ovyo tunaahirisha, kwa sababu pia huongeza hatari ya usaha.

Natumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Hapa ndipo damu huvilia. Wafarini kwa kawaida husimamishwa siku 5 kabla na kipimo cha kuganda kwa damu hurudiwa. Klopidogreli siku 7. Dawa mpya zaidi zina muda wake. Lakini usisimamishe mwenyewe hata siku moja. Aliyewekewa waya kwenye mshipa wa moyo akiacha dawa ghafla anaweza kupata shambulio la moyo kwa ajili ya kutibu mguu. Daktari wa moyo na wa mgongo wazungumze kwanza. Taja pia aspirini na vidonge vya kitunguu saumu.

Natumia ARV. Je, ni lazima niseme?

Tafadhali sema. Hili ndilo swali linalotutia wasiwasi zaidi, kwa sababu watu huficha. Tumepokea wagonjwa wakiwa na chupa zilizobanduliwa lebo, gundi bado imeshika vumbi la mfukoni, wakisema ni vitamini.

ARV zenye ritonaviri, kama atazanaviri au lopinaviri zinazotumiwa na wengi walio kwenye mstari wa pili wa matibabu hapa Kenya, pamoja na zenye kobisistati, hulizuia ini kuvunja steroidi. Sindano moja ya triamsinoloni inaweza kukaa mwilini wiki nyingi. Uso unavimba na kuwa wa mviringo, tumbo linakua, shinikizo na sukari vinapanda, nazo tezi za adrenali zinalala, zinaacha kutoa kotisoli. Mgonjwa anaishia kuzirai kwa udhaifu, na hakuna anayekumbuka sindano ya mgongo. Dawa za kuvu kama itrakonazoli zina tatizo hilohilo.

Walio kwenye kidonge kimoja cha tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri hawana mgongano huo. Kwa hiyo jina kamili la dawa ndilo linaloamua. Kama umekuja na shemeji au mzazi asiyejua, mwambie muuguzi unataka kuongea naye peke yako kabla ya fomu. Ni haki yako, na hakuna atakayeshangaa. Na usiache ARV ili uchomwe.

Kwa nini mnaniuliza kuhusu kifua kikuu na maziwa?

Kwa sababu si kila mgongo unaouma una diski. Kifua kikuu hukaa kwenye pingili, na Kenya kingali kingi. Bruselosi nayo hupenda kiuno. Hupatikana kwa maziwa mabichi, yakiwemo ya ngamia yanayouzwa bila kuchemshwa, na kwa wanaochinja au kuzalisha mifugo. Magonjwa haya yote mawili huanza polepole na kufanana na “mgongo wa kazi”. Ukimchoma mtu huyu steroidi, unashusha kinga mahali hasa vijidudu vilipo.

Kwa hiyo kukonda, jasho la usiku, homa inayokuja na kuondoka, kikohozi kirefu, au maumivu yanayozidi usiku ukiwa umelala, vyote vitasimamisha sindano hadi vipimo vifanywe. Vivyo hivyo aliyewahi kuwa na saratani. Usikasirike tukikuahirisha.

Nina mimba, au nanyonyesha.

Mjamzito huahirishwa, kwa sababu ya eksirei na dawa yenyewe, isipokuwa kwa sababu nzito sana. Kama hedhi imechelewa, pima kwanza. Anayenyonyesha mara nyingi anaweza kuchomwa. Mwambie daktari umri wa mtoto.

Nimewahi kupasuliwa mgongo au kuwekewa vyuma.

Makovu hubadilisha mahali dawa inapoweza kupita na huongeza uwezekano wa kutoboa utando. Daktari anaweza kuchagua njia ya kifandugu. Njoo na ripoti ya upasuaji, na picha zako zote, hata za zamani.

## Siku yenyewe na baada yake

Inachukua muda gani, na nitarudije nyumbani?

Dakika 15 hadi 30, ukiwa umelala kifudifudi na macho wazi. Ni vizuri uwe macho: ukisikia maumivu makali yakishuka mguuni, sema mara moja. Miguu inaweza kuwa mizito kwa saa chache kwa sababu ya ganzi. Usiendeshe gari wala pikipiki siku hiyo, na usirudi kwa boda boda. Barabara zetu unazijua. Njoo na mtu. Ganzi ikiisha maumivu yanaweza kurudi, halafu steroidi huanza kazi baada ya siku 2 hadi 7, wakati mwingine wiki mbili.

Lini nikimbie hospitali?

Mguu unapolegea au kuzidi kufa ganzi badala ya kupata nguvu. Mkojo unapokataa kutoka au kutoka bila kujijua, au choo vivyo hivyo. Ganzi sehemu unazokalia na sehemu za siri. Homa, kutetemeka, au maumivu makali mapya ya mgongo. Uwe umechomwa au hujachomwa, nenda dharura usiku huohuo, Kenyatta au hospitali yoyote kubwa iliyo karibu, na useme maneno haya haya mlangoni. Usingoje kliniki ifunguliwe Jumatatu.

Mara ngapi kwa mwaka?

Madaktari wengi hawapiti sindano 3 au 4 ndani ya miezi 12. Kurudiarudia hupunguza uimara wa mifupa, hasa kwa akina mama waliokoma hedhi, na kulaza tezi za adrenali.

Ukiambiwa ulipie “tatu mfululizo” kabla hata ya ya kwanza, kataa. Desturi hiyo ni ya zamani na haina ushahidi. Ya kwanza ikikusaidia vizuri, huenda huhitaji ya pili. Isiposaidia kabisa, tunarudi kuuliza kama tulilenga neva sahihi, au kama ugonjwa ni mwingine.

## Nairobi: nani, wapi, na mambo yakienda vibaya

Nitajuaje daktari anafaa?

Tafuta jina lake kwenye sajili ya baraza la madaktari, KMPDC, iliyo wazi mtandaoni. Leseni iwe ya mwaka huu. Kisha muulize amesomea nini hasa na huchoma sindano hizi mara ngapi. Muulize pia njia gani, dawa gani, mashine gani, na chumba kina oksijeni na vifaa vya kufufua mtu. Daktari mzuri hujibu haya bila kununa. Gharama hutofautiana sana, kwa hiyo uliza kwa maandishi SHA, bima ya afya ya serikali, au bima yako inalipia nini, kabla ya siku.

Nimepata madhara. Nianzie wapi?

Kwanza matibabu, kwa swali la dharura hapo juu. Ukishatulia, omba nakala ya faili yako: jina la steroidi, kipimo, namba ya toleo na picha za eksirei za siku hiyo. Hospitali isikwambie ni mali yao peke yao. Madhara ya dawa huripotiwa kwa Bodi ya Famasia na Sumu, na mgonjwa mwenyewe anaruhusiwa kuripoti kwenye mtandao wao bila kupitia daktari. Malalamiko kuhusu mwenendo wa daktari hupelekwa KMPDC. Namba ya toleo ikiwepo, ripoti yako inaweza kuwasaidia kulisaka kundi zima la dawa kabla ya mwingine kuchomwa.